Kolwezi, Kufuata Besi ya Kanyinda

Nilipopasuliwa tumbo, miaka michache iliyopita, mume wangu aliuza gita lake la besi na amplifaya yake ili nitoke hospitali. Hakuniuliza. Nilikuwa kitandani na mpira wa maji mkononi. Niliporudi nyumbani kwetu Likasi nikaona kona ya sebule iko tupu, pale ambapo lile sanduku jeusi lilikuwa limesimama tangu tulipooana. Nikamtazama. Akasema tu, "Supu inapola. Kunywa."

Kanyinda ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameipigia besi kwaya ya parokia yetu tangu ujana wake. Baada ya kuuza, akahamia safu ya nyuma, kwa wanaume wa sauti nzito, na watu wakamsifu kwamba anaimba vizuri. Mimi nilikuwa nikiviona vidole vya mkono wake wa kushoto vikitembea juu ya mshono wa suruali, wimbo mzima, hadi amina. Hakulalamika hata siku moja. Ingekuwa rahisi kwangu kama angelalamika.

Nguvu ziliponirudia nikarudi sokoni kuuza unga wangu, na kila juma nikaweka kitu kando. Mwaka huu kilipotosha, nikatafuta nambari ya mfanyabiashara wa Kolwezi aliyenunua vile vyombo; Kanyinda alikuwa ameiandika nyuma ya karatasi ya nyimbo. Mume wangu nikamwambia kwamba ninakwenda kumwamkia binamu yangu Meta, huko Kapata, mtaa wa Kolwezi. Haukuwa uongo. Ulikuwa nusu ya ukweli.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi nikiwa na mfuko mmoja, na unga wa Meta umefungwa katika kikwembe. Barabara ya kwenda Kolwezi ni ya lami, lakini wenye barabara ni malori. Yanakuja moja nyuma ya jingine, yamebeba mabamba ya shaba yanayong'aa kama sufuria mpya, na dereva wetu kila alipotaka kupita lori alipiga kwanza ishara ya msalaba. Pale Fungurume tulinunua mayai ya kuchemsha dirishani. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniona nimeshika tumbo kila gari liliporuka shimo. Bila kuniuliza kitu akakunja koti lake, akaliweka nyuma ya mgongo wangu. Tulipoagana sikujua hata jina lake.

Tulipovuka daraja la Lualaba jua lilikuwa limepanda. Maji yalikuwa yametulia, ya rangi ya chai. Nikakumbuka kwamba mara ya mwisho nilivuka hapo nikiwa na maumivu niliyokuwa nikiyaficha, na nikamshukuru Mungu kimoyomoyo hadi daraja likaisha.

Kolwezi unaijua kwa vilima vyake kabla ya kuona nyumba: vilima vya udongo wa migodi, vimekatwa ngazi ngazi, vyeupe na vyekundu. Nilishuka, nikachukua taxi-moto, pikipiki ya abiria, hadi Manika, kwenye soko.

Duka la tata Kasongo, yaani baba Kasongo, yule mfanyabiashara, lilikuwa chumba kirefu chenye magita yaliyoning'inizwa kama nyama ya mbuzi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na alinikumbuka kwa sababu nilikuwa nimempigia simu kuuliza ile besi, ikakatika kabla hajanijibu.

"Mama wa Likasi! Karibu, ikala. Ile basse ya tata mwalimu, niliiuzishaka zamani. Kuko kijana moja wa Kapata, Ilunga, njo alinunua. Anaipigaka ku kanisa."

Moyo wangu ulishuka. Naye alipoona uso wangu akaanza kunionyesha nyingine. Akaleta besi nyekundu iliyong'aa na amplifaya ndogo yenye taa ya buluu.

"Hii iko muzuri kuipita ile. Bwana yako atacheka meno inje."

Ilikuwa nzuri kweli kwa macho. Tatizo ni kwamba mimi gita nilikuwa ninalijua kwa kulifuta vumbi tu. Sikujua ni wapi pa kushika, wapi pa kuuliza. Nilikuwa karibu kukubali, lakini umeme ukakatika, taa ya buluu ikazima, na tata Kasongo hakuweza kunisikilizisha kitu. Nikamwambia nitarudi.

Meta alinipokea mlangoni kwa kelele, kwa salamu ya Kasai, akiniita dada mkubwa. "Moyo, yaya! Mbona umekonda hivi?" Anakaa katika zile nyumba za Kapata zilizojengwa kwa mistari kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, babu zetu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi hiyo, na yeye nyumba yake aliirithi kwa baba yake. Alipika bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na nilipomweleza shida yangu akapiga makofi.

"Ilunga? Lakini yee anapigaka ku kanisa yetu! Kesho ku saa tisa kuko répétition. Tutaenda."

Jumamosi, saa tisa, saa ya mazoezi ya kwaya, tulikuwa bado tuko mtaa mmoja kabla ya kanisa nilipoisikia. Sijui namna ya kuieleza. Kuna watu wanaomjua mtu kwa kikohozi chake. Sauti ile, nene, yenye mkwaruzo kidogo chini, nilikuwa nimepikia nayo, nimenyonyeshea nayo watoto, nimeikasirikia Jumapili asubuhi nikitaka kulala. Nikasimama njiani. Meta akanishika mkono.

Ndani walikuwa waimbaji kama kumi na wawili, na mpiga besi alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na mitano hivi, mabega mapana, vidole vyenye makovu. Alipiga amefumba macho. Chini ya tumbo la gita niliona alama nyeusi ya pembetatu, mahali nilipoegesha pasi ya makaa siku moja ya haraka. Ilikuwa yenyewe.

Walipopumzika Meta akatutambulisha. Nikamwomba Ilunga niishike. Akanipa kwa mikono miwili, na nikaiweka mapajani nimekaa kwenye benchi. Nikamweleza yote: hospitali, kona tupu, safari. Alisikiliza akiwa amechuchumaa mbele yangu, kama mtoto wa nyumbani.

"Na weye, ulifika huku namna gani?" nikamuuliza.

"Mi natoka Manono, mama. Nilikuya kuchimba. Miaka mine nilikuwa mu mashimo. Kisha pasta alisikia naimba, akaniambia: jifunze basse. Nikanunua ii na pesa yote ya kuchimba." Akatazama mlangoni, kwenye vilima. "Siku moja tulipashwa kushuka shimo asubui. Pasta akaniomba nikuye ku répétition juu ya ndoa ya muntu. Benzangu bakashuka. Shimo ikaanguka. Batatu." Akainama akagusa kamba moja, haikutoa sauti. "Toka ile siku sikurudi. Napigaka ku bandoa, nafundishaka batoto ba kwaya. Njo kazi yangu sasa."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

Kisha Ilunga akasema, "Lakini mama, kama ni ya bwana yako, ibebe. Mi nitatafuta ingine. Pesa utanipatia ile unaweza."

Nilikuwa na pesa kifuani, zimefungwa kitambaani. Nilikuwa nimetoka Likasi kusikia maneno hayohayo. Nikalitazama lile gita mapajani mwangu, nikafikiria sebule yetu, nikafikiria uso wa Kanyinda akifungua sanduku. Halafu nikafikiria juma moja la kijana huyu bila kazi, na mashimo yale karibu namna hii, vilima vyake ukivitazama kutoka mlango wa kanisa. Nililia, nakiri. Meta alidhani ninalia kwa huruma. Nilikuwa ninalia pia kwa sababu nilikuwa ninaitaka.

Nikamrudishia. "Hapana, mutoto wangu. Hii ikale na weye. Lakini Siku ya Kwanza tutaenda pamoja ku Manika, unichagulie ingine. Mi sijue kitu."

"Aksanti, mama," akasema. Akauvaa mkanda wake.

Jumapili nilisali pamoja nao. Kabla ya wimbo wa sadaka Ilunga aliniangalia, akaniashiria kwa kichwa, akaanza. Nilitoa sadaka yangu nikicheza.

Jumatatu asubuhi, ile Siku ya Kwanza tuliyoahidiana, tukarudi Manika, na umeme ulikuwepo. Sasa niliona namna mwenye kujua anavyonunua. Ile besi nyekundu Ilunga aliishika kama bunduki, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake.

"Angalia, mama. Shingo imepinda. Kamba zitakuwa mbali na vidole, atachoka."

Ile amplifaya ya taa ya buluu akaikataa kabisa. "Ii ni ya gitare ya kawaida. Ukitiamo basse, kisha mwezi spika inapasuka."

Tata Kasongo akacheka, hakukasirika. "Ee, Ilunga, unanifungia duka!"

Wakatoa nyingine kutoka nyuma, ya rangi ya kahawia, ya zamani, imechubuka pembeni. Shingo ilikuwa imenyooka. Ilunga akabonyeza kila kamba kwenye kila chuma kidogo cha shingoni, kimoja kimoja, akisikiliza kama kuna inayolia vibaya. Akazungusha vifundo vya sauti. Kimoja kilikwaruza, na tata Kasongo akakisafisha hapohapo kwa dawa ya kupuliza. Ilunga akatingisha waya kwenye tundu lake kuona kama sauti inakatika. Kisha akachagua amplifaya nzito ya besi, akaigusa karatasi ya spika kwa ncha za vidole, akaiwasha na kutuambia tukae.

"Tukale nusu saa. Kama inapata moto ao inanuka, tutaijua."

Tukakaa, tukila kalanga. Haikunuka. Bei tulielewana bila vita, na tata Kasongo akaongeza sanduku la kubebea gita, mkanda na kamba za akiba. "Mwambie tata mwalimu, Kasongo anamwamkia," akasema. "Ile siku aliuzisha, aliipiga mara moja ya mwisho mbele yangu. Sikusahau." Hilo sikulijua. Kanyinda hakuwa ameniambia.

Jumanne Meta na Ilunga walinisindikiza hadi kwenye basi. Ilunga mwenyewe alifunga amplifaya juu ya paa, akaizungushia turubai, akamwambia dereva maneno ambayo sikuyasikia, lakini dereva aliendesha polepole kwenye mashimo hadi Likasi.

Nilifika saa kumi alasiri. Kanyinda alikuwa ametoka shuleni, chaki bado mikononi. Alipoona kijana wa basi akishusha lile sanduku kubwa, alisimama mlangoni asijue aingie au atoke.

Alilifungua polepole. Akaitazama ile besi ya kahawia, akaigeuza. Nikaona anatafuta alama.

"Si yenyewe," nikamwambia. "Yenyewe niliiona. Niliishika mu mikono. Nikaiacha." Nikamsimulia kila kitu, nikiogopa, hadi lile shimo na wale watatu.

Kisha akauliza jambo moja tu: "Anapigaka muzuri?"

"Anapigaka muzuri."

"Mwite."

Nikampigia Ilunga. Kanyinda alishika simu kwa mkono wenye chaki, akaamkiana naye, akamwomba apige. Tulisikiliza wote wawili tumeegemeza vichwa, na kupitia simu ile ndogo nikaona mume wangu anaitambua sauti, namna alivyofumba macho.

"Sikiliza, mutoto," akasema ilipokwisha. "Ku ufunguo wa kamba ya tatu kuko visi moja kidogo, nyuma. Inalegeaka. Kila mwezi uikaze, lakini apana na nguvu."

"Ndiyo, tata! Mi nilikuwa najiuliza juu ya nini inashukaka!"

Wakacheka. Wakazungumza hadi salio langu likaisha.

Nimerudi na mambo machache kichwani. Nimejua kuitazama shingo ya gita kwa jicho moja, na kwamba amplifaya isinunuliwe kwa taa yake. Nimejua kwamba binamu mwenye bukari moto ni utajiri. Lakini lile kubwa sikulipata Kolwezi. Nililipata sebuleni, Kanyinda alipoiweka simu mezani na kuivaa besi yake mpya, akaanza kukaza kamba.

"Nilipoiuzisha," akasema bila kuniangalia, "niliwaza naokoa muntu moja tu."

Akapiga noti ya kwanza, na vikombe vikatetemeka kabatini.