Kaseti ya Njano Niliyomwandikia Mjomba

Jumapili moja, nyumbani kwangu mtaa wa Sakina, niliamua kuziorodhesha gemu zangu zote kwenye kompyuta. Nilikuwa nimepata programu ya bure ya hifadhidata, ile ambayo jedwali unalichora mwenyewe: jina la gemu, mashine yake, hali ya kaseti, na mwisho kabisa, imetoka kwa nani. Nilipofika kwenye kaseti ya njano ya ndege za vita sikufikiri hata kidogo. Niliandika: Mjomba.

Dada yangu alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Mjomba yupi?"

"Aliyekuwa akikaa kwa bibi. Si ndiye aliyenifundisha kucheza?"

"Wewe! Mjomba aliondoka umeme haujafika kule. Mlicheza na koroboi?"

Nilicheka, halafu nikaitazama tena ile kaseti. Hebu fikiria, rafiki yangu. Mjomba namkumbuka kama ninavyoikumbuka njia ya kwenda shule. Tulilelewa kwa bibi, Akheri, ndani ya migomba na kahawa. Tukitoka shule tunakata majani ya ng'ombe, kisha tunakimbilia kuianua kahawa kabla mvua haijashuka kutoka mlimani. Jioni tunakula loshoro, ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, zina harufu ya moshi wa jikoni. "Bakuli jeupe kwanza, ndege baadaye," bibi alikuwa akisema. Bakuli likishakuwa jeupe, runinga inawashwa, na mjomba anakaa kuliani kwangu kwenye mkeka, padi ya kuchezea mkononi, anaguna kila ndege yake inapolipuka. Mguno ule bado nausikia.

Wiki nzima sikuelewa. Jumamosi nikaiweka kaseti mfukoni, nikapanda mlimani hadi Akheri.

Bibi alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda?"

Nikampa kaseti. Akaigeuzageuza, akaisogeza karibu na macho.

"Hii niliinunua Tengeru, siku ya soko. Pamoja na mashine yake."

"Si mjomba aliyeileta?"

Akanirudishia kaseti. "Mjomba wako alipokwenda Nairobi, ulikuwa mdogo. Ukawa unashinda pale penye kona ya njia, unamngoja. Hata ulipoanza shule, ukirudi unasimama palepale. Chakula hutaki. Umeme ulipoingia nikakwambia amekutumia hii. Ukala."

"Na aliyekuwa akicheza na mimi?"

"Nani mwingine? Dada yako wakati huo alishakwenda bweni. Nilikuwa nacheza mimi. Nalipuliwa kila mara, na wewe unanicheka."

Sikujua nishike lipi. Nilitaka kumshukuru, nikajikuta nimekasirika, kisha nikaona aibu kwa kumkasirikia mtu aliyecheza na padi baada ya kutwa nzima shambani. Nikamuuliza mjomba alituma nini hasa, miaka yote ile.

"Hata salamu hakutuma," akasema. Mikono yake haikuacha kuchambua. "Labda alitusahau. Labda alikufa. Mimi ndiye mama yake, na sijui."

Tulikaa hapo mpaka maharage yakaisha. Kahawa imeng'olewa yote, siku hizi ni miparachichi. Ile sebule tuliyokuwa tukichezea imevunjwa, pamejengwa banda la kuku.

Niliporudi Sakina nilifuta Mjomba, nikaandika Bibi. Kompyuta ilikubali mara moja. Mimi bado. Kila nikifumba macho namwona mjomba kwenye ule mkeka, amekunja miguu, ananiachia nafasi. Najaribu kumwinua ili bibi akae mahali pake. Hainuki. Anaguna tu, ndege yake imelipuka tena, nami namcheka, na kwa kweli sijui ninamcheka nani.