Karafuu za Mama Juu ya Kompresa

Siku ile siisahau, mwanangu. Nikinusa karafuu tu, inanirudia. Nami nakuhadithia weye kwa sababu umepata kazi kwenye karakana ya matairi pale Gombani, na jana ulivyokuwa ukijisifia hiyo kompresa, mashine yenu ya upepo, nilicheka kimoyomoyo. Miye kompresa naijua tangu mama yako hajazaliwa.

Nilikuwa msichana, na nyumba yetu imepakana na karakana ya Fundi Makame, aliyekuwa akijaza magari upepo na kupiga rangi. Mama yangu, Bi Mize, alikuwa mjane. Karafuu zake za msimu mzima zilikuwa uwanjani juu ya majamvi, hazijakauka sawasawa, na riziki yetu yote ilikuwa pale. Mchana ule mvua ikashuka ghafla. Wajua kwetu, mvua ikishuka hapaulizwi karafuu za nani, hata apitaye njia huinama akaanua. Vijana wa karakana wakatoka mbio, wakazikusanya na kuziingiza kwao, maana paa letu lilikuwa likivuja.

Hapo ndipo mama alipoiona kompresa. Inanguruma, inatoa joto zuri.

"Ziwekeni pale pale zipate kukauka," akasema. "Na gunia hili la makonyo litandazeni juu ya mashine."

Makonyo ni vile vijiti vya karafuu, na vikishakauka vinashika moto upesi. Fundi Makame alikuwa kenda kusali Alasiri. Aliyeachiwa mashine ni Hamad, kijana mpole mpaka anaudhi. Alijua mashine ile haifunikwi, alishaambiwa. Lakini amwambie nini Bi Mize, mtu mzima, mjane, tena kalowa chapachapa? Akainamisha kichwa, "Haya, mama," akalitandaza.

Tukakaa mlangoni kutazama mvua. Punde ikaja harufu, lo, tamu hiyo! Mama akavuta pumzi, akatabasamu. "Mnaisikia? Zinakauka hizo." Sote tukafurahi. Karafuu ndiyo balaa yake, ikiungua inanukia, wala mtu hashtuki.

Fundi Makame alishtuka. Alikuwa njiani anatoka msikitini, harufu ikamfikia, akakunja kanzu na kuja mbio. Gunia lilikuwa likifuka moshi juu ya mota, na chini yake vimetupwa vitambaa vya petroli. Hamad akanyakua ndoo ya maji.

"Si maji! Umeme huo!"

Fundi akakata umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani, na papo hapo gunia likawaka. Mama akapiga ukelele, akataka kuingia kuvuta majamvi yake. Nikamkamata kiuno, naye ananipiga viwiko, "Niache! Karafuu zangu!" Sikumwachia. Fundi na Hamad wakamwaga mchanga, wakamwaga tena, mpaka moto ukafa. Karafuu zikapona, ila jamvi moja liliungua ukingoni.

Kisha fundi akafungua koki, upepo uliojaa kwenye tangi la mashine ukatoka kwa kelele. Akakaa chini. Tulidhani atamfokea Hamad. Wapi! Alimgeukia mama, tena akamwamkia kwanza.

"Shikamoo, Bi Mize. Nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini tangi lile lingepata moto lingepasuka, na nyote mlikuwa hapo mlangoni. Karafuu utachuma nyingine. Bi Mize mwengine nitampata wapi?" Kisha kwa Hamad, "Na weye, kumkatalia mtu mzima kwa upole si utovu wa adabu. Sema hapana, mama."

Mama, asiyewahi kukubali kosa mbele za watu, akaitazama ile mashine. Halafu akasema, "Miye nilidhani ni jiko." Tukacheka mpaka machozi.

Hamad ndiye babu yako. Tangu siku ile kalishika neno la fundi, hata nikimwomba anisogezee kiti husema hapana kwanza.

Basi hiyo kompresa, mwanangu, iache ipumue. Usiifunike, usiiegemezee kitu, na vitambaa vya mafuta na petroli vikae mbali nayo. Asiyeweza kuacha sigara akavutie barabarani. Jioni toa maji na upepo tangini, na ndoo ya mchanga isikose mlangoni. Ukiona moshi, umeme kwanza. Hayo utafundishwa na fundi wako. La kwangu ni hili moja: usione haya kusema hapana.

Msimu huu mvua ikinikamata na majamvi yangu, nikaja kwako nimelowa, nikakuomba joto la mashine, nikatalie. Nitanuna, wajua nilivyo. Nikatalie hivyo hivyo, kisha nitafutie pembe nyingine ya kuziweka. Mwenyezi Mungu akulinde macho na mikono yako, na kila Magharibi akurejeshe nyumbani mzima, una njaa, nikupakulie.