Mshale Ukipita Mstari Mwekundu

Betri ililipuka nikiwa nimeinama juu yake. Nilisikia mlio kama wa bati linalochanika, halafu uso wote ukawa moto, maji ya betri yakaniingia machoni, nikajikuta nagaagaa juu ya majani niliyotoka kuyakata mwenyewe, naomba maji. Jicho la kulia lilikufa palepale. La kushoto linaona kama natazama kupitia moshi, na moshi wenyewe unazidi.

Lakini, ndugu yangu, nikikaa hapa kibarazani Miyuji kinachonirudia si ule mlio. Ni harufu iliyoutangulia. Mayai yaliyooza. Harufu hiyo naijua tangu utoto, kijijini kwetu njia ya Kondoa, kwenye mashine ya kusaga.

Bibi alikuwa akinituma huko na debe la uwele kichwani. Mashine ya dizeli, inanguruma tangu asubuhi, na vumbi la unga limewapa kina mama wote mvi kabla ya wakati. Pembeni mwenye mashine aliweka betri ya lori, dinamo inaichaji huku sisi tunasaga, ili jioni kijiji kisikilize redio yake. Ukutani alitundika saa ndogo ya kupimia umeme, na kwenye kioo chake akachora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe. Sisi watoto tulipenda kuutazama mshale. Injini ikiwa imezimwa, unalala kwenye volti kumi na mbili na kitu. Ikiwashwa, unapanda mpaka kumi na nne, unatulia. Ukipita mstari, tunapiga kelele.

Hapo mwenye mashine anazima kila kitu. Uwele wako umesagwa nusu, anazima. Anafungua milango, anatutoa wote nje mpaka harufu iishe. Kina mama walimsema kweli. Siku moja bibi yangu akamwuliza, "Baba mzima unakimbia sanduku?"

Akajibu, "Mama, sanduku hili likishiba kupita kiasi halicheui. Linapasuka."

Watu wakacheka, tukatafuna karanga tukingoja. Ugali ulichelewa siku hiyo, mlenda ukapoa. Lakini kila mtu alirudi kwake na macho yake.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nilipopata kazi ya kukata majani kwenye kituo kimoja cha mikutano upande wa Msalato, kwa ile mashine ya kukalia kama trekta dogo, betri iko chini ya kiti, nilijiona nimefika. Kisha mashine ikaanza kunuka. Nikamwambia msimamizi, tena si kwa ujuaji, kwa woga. Akaja na mita yake ya kupimia umeme, akagusisha nyaya kwenye betri injini ikinguruma. Tukasoma wote wawili: kumi na sita na nusu. Alijua maana yake. Fundi alishamwambia mbele yangu kwamba kidhibiti cha chaji kimekufa, mashine isiguswe mpaka kipatikane kingine.

Akakunja nyaya zake taratibu. "Wageni wanaingia mchana, mzee wangu. Kata kwanza."

Nikakata. Ikazimika katikati ya uwanja. Nikainua kiti, nikasikia betri inachemka kama sufuria ya maharage. Nikamwomba tuiache ipoe.

"Washa," akasema. "Unatuchelewesha."

Nikanyoosha mkono kwenye ufunguo.

Leo mkuu wa kituo anatangaza kwamba nilikuwa navuta sigara juu ya betri. Mimi, ambaye sijawahi kuishika sigara maisha yangu yote. Na msimamizi amenyamaza. Kwa kimya chake nimefukuzwa kama mzembe, na hospitali najipeleka mwenyewe, nikiongozwa kwa mkono na binti yangu.

Ile mashine ya dizeli haipo tena, wameweka ya umeme. Mwenye mashine alishazikwa, bibi alishazikwa, redio sijui iliishia wapi. Nao wale watu wa kuzima kwanza na kusemwa baadaye, siwaoni tena. Unga wa kijiji kizima uliweza kungoja mshale ushuke. Majani yenu yalishindwa nini?

Msimamizi, kwangu unapajua. Njoo kabla jicho hili la pili halijazimika, ukae hapa nikuone. Mbele ya mkuu wako na mbele ya binti yangu, useme kwa kinywa chako: mita ilisoma ngapi?