Mjusi wa Chini ya Kitovu

Bibi yangu mzaa mama alinichanja nembo tumboni mara mbili, akafa kwa ugonjwa wa kifua kabla ya mara ya tatu. Kwetu Newala, wakati ule, mkato wa kwanza uliweka mchoro, wa pili uliufuata, na wa tatu, baada ya vidonda kupona kabisa, ndio ulioinua ngozi mpaka mtu aweze kuusoma mchoro kwa kidole gizani. Yangu, kwa hiyo, ilikuwa imekamilika kwa umbo lakini ilikuwa imelala. Ilikuwa na safu mbili za pembe ndogondogo zilizozunguka kiuno, na chini ya kitovu mjusi mwenye mkia ulionyooka. Bibi hakuacha kitu kingine chenye alama ya mkono wake. Vyungu vyake viligawanywa na kuvunjika, na nyumba yake iliangushwa na mchwa.

Sikuiwaza sana nembo hiyo mpaka nilipopata mimba ya kwanza. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa na seremala Myao aliyekuwa akifanya kazi misheni ya Lulindi, nasi tuliishi huko chini, mbali na ukame wa nyanda yetu. Maji yalikuwa karibu na wanawake tulioga pamoja kijitoni. Ndiko dada wa mume wangu alikoona kabla yangu.

"Wifi, hebu geuka," alisema. "Huyu mjusi wako anakula nini siku hizi? Juzi alikuwa mjusi. Leo naona kenge."

"Mwache," alidakia jirani yetu akisugua mgongo kwa dodoki. "Mpaka korosho zianguke atakuwa mamba, na hapo mtu asije kuoga hapa."

Nilicheka pamoja nao. Ndivyo mawifi wanavyoishi, na asiyecheka huongezewa. Lakini niliporudi nyumbani nilifunga mlango, nikafungua kanga na kujitazama. Kichwa cha mjusi kilikuwa kimepanuka. Miguu yake ya mbele ilikuwa imesogea mbali na ya nyuma, na katikati ya mgongo ngozi ilianza kung'aa, mistari ikififia kama maandishi ya chaki yaliyopitiwa na kiganja.

Mabadiliko mengine niliyapokea bila shida. Matiti yaliuma, nikalala chali. Moshi wa korosho zinazochomwa, ambao nilikua nao tangu utoto, ulinitapisha, nikahamia upande wa pili wa uwanja. Nilikula udongo wa kichuguu na sikuona haya. Hayo yote yalikuwa na namna ya kushughulikiwa. Nembo haikuwa na namna, na ndiyo pekee niliyotaka ibaki.

Nilichana upindo wa kaniki chakavu nikapata kamba nyembamba. Kila mwezi ulipoandama niliizungusha tumboni, nikapiga fundo ilipokutania, kisha nikapima mjusi toka pua hadi ncha ya mkia na kupiga fundo jingine dogo. Nilikuwa nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, na nilikuwa na kitabu kidogo cha afya ya akina mama. Kilieleza jinsi mtoto anavyokaa na jinsi kitovu kinavyomlisha. Juu ya ngozi hakikusema neno. Tumbo lililochorwa humo halikuwa hata na chale moja.

Nilimwuliza mume wangu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima vitu.

"Mbao ikinywa maji inavimba," alisema. "Ikikauka inarudi."

"Inarudi kama ilivyokuwa?"

Alifikiri. "Si sana. Tundu la msumari huwa linalegea."

Sikupenda kufananishwa na mbao, nikamwambia hivyo. Akasema nimeuliza seremala. Hata hivyo jibu lake lilinifanya niamue. Kama mistari ingekuwa imeinuliwa kabla ngozi haijavutika zaidi, labda ingeshika. Kilichotakiwa ni ule mkato wa tatu, na ulitakiwa mapema. Leo naona jinsi wazo hilo lilivyokuwa la hatari. Wakati ule nililiona kuwa hesabu ya kawaida.

Ruhusa haikuwa tabu. Kwa desturi mimba ya kwanza nilipaswa kujifungulia kwa mama yangu, hivyo hakuna aliyeshangaa nilipoomba kutangulia. Nilipanda lori la mfanyabiashara lililokuwa likipandisha chumvi na nguo Newala. Dereva aliniweka mbele kwa sababu ya hali yangu, na kwenye kona za mlima nililishika tumbo kwa mikono miwili, si kwa ajili ya mtoto tu.

Aliyebaki na kazi ya kuchanja upande wetu alikuwa mdogo wake bibi. Wote wawili walifundishwa na mama yao. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipeta mtama, ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, ikiwa katika mdomo wake wa juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mume wangu hajambo?" Alikuwa akimsema mume wangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Salamu tupu? Mwambie mke mkubwa hali salamu."

Nilimweleza nilichokuja kutafuta, nikafungua nguo. Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya mjusi polepole.

"Mkono wa dada huu," alisema. "Alikuwa anaanzia mkiani. Nilimwambia, dada, mjusi anaanzia kichwani. Hakunisikia mpaka kufa."

"Nataka uumalizie mchoro kabla haujafutika."

"Lini?"

"Hata leo."

Alijinyoosha, akaniangalia usoni kuona kama namtania. "Na huyo aliyelala humo ndani nimwambie nini? Nakata ukuta, usishtuke? Akitoka na mstari shavuni, mama mkwe wako hatamfuata marehemu kaburini. Atapanda mlima kuja kwangu."

"Hawezi kupanda. Miguu yake mibovu."

"Atabebwa!" Alicheka mpaka ndonya ikaruka. "Watambeba kwenye machela, wamtue hapa hapa penye mtama wangu."

Niliahidi kuku. Alisema kuku atampokea, lakini baada ya arobaini ya mtoto, na kisu nacho kitangoja mpaka hapo. Kisha, ili nisimwendee mchanjaji mwingine, aliinua nguo yake anionyeshe ubaya wa mkono wa watu wengine. Yeye alichanjwa na mwanamke wa kijiji cha jirani, kwa sababu mama yake hakutaka kumkata mtoto wake mwenyewe.

"Tazama alivyoniharibu," alisema. "Huu ni mnazi huu? Umelala kama mlevi. Na hizi pembe, nyingine huku, nyingine kule."

Nilitazama kwa makini. Pembe za pembeni zilikuwa sawasawa, zimepangwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Zilizopinda ni zile za katikati tu, na mnazi ulikuwa umeegemea upande ambako ngozi ilikunjamana zaidi. Nilimwuliza amezaa mara ngapi. Alianza kuhesabu kwa vidole, pamoja na waliokufa wachanga, akaishiwa vidole.

"Kabla ya kuzaa, mnazi ulikuwa umesimama?"

"Nitajuaje? Nilikuwa mtoto. Sikuwa natazama tumbo, nilikuwa naogopa kisu."

Hilo lilinikaa kichwani kuliko katazo lake. Mwanamke aliyeijua kazi hiyo kuliko wote upande wetu alikuwa amemlaumu mchanjaji wake maisha yake yote kwa kazi ya watoto wake mwenyewe.

Nilikaa kwa mama yangu mpaka mwisho. Maji huku juu yalifuatwa mbali, kwenye chemchemi chini ya mteremko, na mimi sikuruhusiwa kuyafuata, hivyo niliyaoga kwa kibuyu, nikiyamwaga polepole juu ya tumbo nisiloweza tena kuliona upande wa chini. Mjusi alikuwa huko, nisikokuona. Niliendelea kupiga mafundo kwenye kamba, lakini toka pua hadi mkia nilipima kwa kupapasa, na vidole havikuwa na cha kushika. Mwezi wa mwisho niliacha kupima.

Nilijifungua mtoto wa kike korosho zikianguka. Siku nilipoweza kukaa peke yangu nilijitazama. Tumbo lilikuwa laini, limelegea, na mjusi alikuwepo. Kichwa kilikuwa kimeinamia kulia. Mguu mmoja wa mbele ulikatwa na mchirizi wa ngozi iliyotatuka, na mkia, ule ambao bibi alianzia, ulikuwa umepinda kama wa mjusi aliye katika mwendo.

Arobaini ilipotimia, bibi mdogo alikuja. Alikuwa na kisu chake katika kitambaa na mkaa wa mbegu za mbarika, uliosagwa tayari kwa kupaka. Alinilaza mkekani, akatazama, akaanza kupanga kazi.

"Mguu naunganisha hapa. Mkia huu naufuta, naanza upya, safari hii toka kichwani."

Nilimwomba aache. Nilimwambia huyu sasa si yule aliyechorwa na dada yake, na mimi siwezi tena kumrudisha yule. Akimnyoosha, atakuwa wa tatu, na huyo hatakuwa na alama ya bibi wala ya mtoto.

"Kwa hiyo mikono yangu haifai?"

"Inafaa, bibi. Kazi ndiyo haipo."

Alinuna. Alifunga kisu, akamwambia mama yangu kwamba watoto wa Lulindi wameharibiwa na vitabu. Kisha akaulizia kuku.

Nilimshika jogoo mwenyewe, maana ahadi ilikuwa ya mkato na ya safari pia. Alipapatika sana. Nilitafuta cha kumfungia miguu, nikaichukua kamba ya upindo iliyokuwa ikining'inia kwenye mwimo wa mlango, yenye mafundo yake yote, nikaizungusha na kukaza.