Anayehesabu Radi za Port Bell

Usinitazame hivyo. Sijalewa, wala sikuota. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Makindye, mchana, macho yangu yakiwa wazi.

Kazi yangu ni kupima radi nisizozifikia. Antena iko juu ya paa. Radi ikipiga mbali, antena inanasa mtikisiko wake angani. Nikijua ukubwa wa mtikisiko huo, na radi imepiga umbali gani, nakadiria mkondo wa umeme uliopita. Umbali ndio unaonisumbua. Kwa hiyo nilikuwa na msaidizi Port Bell, kando ya ziwa: Zainabu, mjane wa askari, muuza chai karibu na bandari. Akiona mwanga, alihesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, kisha akanipigia simu kunieleza amefikisha ngapi na imepiga upande gani.

Hatukuwahi kuonana. Lakini niamini, katika chumba kile cha mashine, sauti yake ndiyo iliyokuwa jamaa yangu. Nilikuwa nikiomba mvua inyeshe ili anipigie tu. Mwishowe tukaahidiana: Jumamosi ningekwenda kunywa chai yake. Nilinunua hata shati.

Alhamisi mawingu yakafunika ziwa. Mara mstari kwenye kompyuta ukaruka juu kuliko nilivyowahi kuona. Simu haikulia. Badala yake mlango ukafunguka, akaingia mwanamke. Nje mvua inamwagika, naye kitenge chake kikavu kabisa. Alipofungua kinywa nikamjua kwa sauti.

"Ndugu, leo mimi hapana hesabu. Mwanga na ngurumo ilikuja pamoja."

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Kwa mpimaji hiyo ni zawadi: radi imepiga pale pale aliposimama, umbali hauna shaka tena. Sikumpa hata kiti. Nikageukia kompyuta, nikapiga hesabu, nikamsomea jibu.

"Ni nguvu sana?" akauliza nyuma yangu.

"Sana, dada. Sijawahi kupata kubwa kama hii."

"Ndiyo maana mimi hapana sikia uchungu."

Nilipogeuka hakuwapo. Sakafu haikuwa na tone la maji. Ndipo simu ikalia, jina lake, lakini aliyezungumza ni kaka yake, analia. Zainabu alikuwa ameiacha simu nyumbani ikichajiwa. Radi imemkuta kibandani kwake.

Lile shati nililivaa mazishini.

Kaka yake aliniambia simu ile ameizima na kuifungia kabatini. Basi nani huyu anayenipigia? Kila radi inapopiga upande wa ziwa, simu yangu inalia kwa jina la Zainabu. Nikipokea, kimya. Nikiiacha, inalia na kukatika, na idadi ya milio ndiyo umbali. Siku hizi siipokei. Nahesabu, naandika, na makadirio yangu hayajawahi kuwa mazuri hivi. Ikikatika nasema, "Asante, dada." Kisha upweke unanikaba mpaka mvua nyingine.

Nawe, mawingu yakifunga, ingia ndani. Usisimame mlangoni ukihesabu. Port Bell tayari ina anayehesabu.