Tantine amenifundisha game ya vita

Leo tantine, shangazi yangu, amenipatisha haya, miye bingwa wa game mu muji ya Bunia nzima.

Nilikuwa nachagua game ya vita yenye hadithi, ya kucheza peke yangu. (Peke yangu, mu salon, sebule yetu, yenye ndugu kumi waliokimbia vita kwabo Fataki, tantine ndani.))

Mu moja, askari analipiza kisasi. Mu ingine, anatafuta njia ya kurudia kwabo.

"Weka ya kurudia kwabo," tantine akasema.

Nikashika manette, ile ya kuendesha askari. Nikakufa mara sita.

"Mutoto, unapiga sana masasi. Lala mu majani, acha wapite. Siye tulifika hapa namna hiyo."

Nikatii. Tukapita bila risasi hata moja.

Askari alipofungua mulango ya nyumba yake, tantine akauliza: "Na njia ya kurudia Fataki, nani anashika manette yake?"

Wakubwa munaosema kwa radio ya kama munajua kila kitu, mumujibu.