Mgeni wa Njia Panda ya Adu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nalitaja shati hilo ili nyinyi vijana mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilitoka kwetu Magarini alfajiri, nikadandia lori la chumvi lililokuwa likitoka Gongoni, nikaingia gereji ya kampuni ya matembezi pale Malindi nikidhani nitakabidhiwa pikipiki na miwani. Fundi Mkuu, mwenyeji wa mji wa kale aliyezungumza kwa utulivu hata alipokuwa akikutukana, aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"Bwana mdogo, umekuja kuposa?"

"La, mzee. Shikamoo. Nimekuja kazini."

"Marahaba. Basi livue hilo shati la harusi, uichukue cheni hii ukaioshe kwa mafuta ya taa."

Niliosha cheni kwa miezi. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wageni wa mahoteli walipoanza kuchoka kulala mchangani kama samaki wa kuanikwa wakataka kuiona nchi. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, yenye pikipiki chache ndefu za silinda moja, zile ambazo injini zake hudunda mpaka meno yakagongana. Fundi Mkuu alinifunza kusafisha plagi, kukung'uta chujio la hewa kila jioni kwa sababu ya vumbi jekundu la Magarini, na kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani ili zilale na kushika. Alinifunza pia kuitambua injini inayougua. "Hii haisikilizwi kwa masikio," aliniambia, "yasikilizwa kwa makalio." Nilicheka, lakini baada ya mwaka nilikuwa nikikaa tu juu ya kiti, najua kama kabureta imeziba.

Safari yetu kubwa iliitwa Vilima na Kisiwa. Tulivuka daraja la Sabaki, tukapita Mambrui, tukakata kuingia bara hadi Magarini na Marafa, tukalala huko. Kesho yake tulipanda hadi Adu, kisha tukateremka Gongoni kwenye mabwawa ya chumvi. Siku ya mwisho tulikwenda Ngomeni, tukaziacha pikipiki na kuvuka kwa mashua hadi kisiwani kula kaa. Mtu wa bara aliyezoea milima yenye baridi atacheka akisikia naviita vilima vya Marafa nchi ya juu. Na acheke. Yeye hajasimama ukingoni mwa yale magenge mekundu na meupe jua likichomoza, injini imezimwa, na mgeni aliyeongea tangu Malindi amenyamaza kimya.

Sasa niwaeleze tulivyosafiri, maana hapo ndipo penye kisa. Vumbi lilikuwa zito mno kwa watu kufuatana karibu. Kwa hiyo kiongozi alikwenda mbele, wageni wakaachana mwendo mrefu, na nyuma kabisa akaja mtu tuliyemwita mkia, mwenye vifaa, maji na petroli ya akiba. Kila kiongozi alipopinda kuiacha njia kuu, alimwonyeshea kidole mgeni aliyekuwa nyuma yake, naye akasimama pale pale na pikipiki yake. Hiyo tuliiita kushika njia panda. Mgeni aliwaelekeza wenzake, akamngoja mkia, ndipo akaendelea mbele yake. Kwa upande wa mkia sheria ilikuwa nyepesi. Ukimkuta mtu njia panda, pinda. Usipomkuta, nyoosha.

Viongozi wote walikuwa watu wa ng'ambo au wa Nairobi. Mimi niliendesha vizuri kuliko wao wote, nasema bila haya, na nchi ile ni kwetu. Meneja wetu alikuwa mtu wa bara aliyestaafu jeshini, mwenye masharubu yaliyokatwa sawasawa na soksi zilizovutwa hadi magotini. Nilimwendea ofisini nikamwambia nataka kuongoza.

"Wewe Karisa ni fundi. Kuongoza ni kitu ingine."

"Njia zote nazijua, Bwana Meneja."

"Hata ng'ombe inajua njia ya kurudi boma."

Neno lile liliniuma siku nyingi. Hatimaye kiongozi aliyekuwepo alirudi kwao, na Meneja akaniita. Alisema atanipa safari moja tu, na yeye mwenyewe atakuwa mkia ili anitazame. Nikifaulu, kizibao cha kiongozi, kile cha rangi ya machungwa, ni changu. "Lakini mtu mmoja akipotea, mmoja tu, naita kiongozi kutoka Nairobi na wewe unarudi kwa cheni zako." Kwa safari ile aliniazima kizibao, na usiku ule mke wangu alikifua ingawa kilikuwa safi.

Siku ya kwanza ilikwenda bila doa. Ya pili tulipita Adu jua likiwa limeshakaza. Chini kidogo ya Adu kuna njia panda ambapo njia ya Gongoni inaiacha ile kuu. Nyuma yangu alikuwa Mtaliano mrefu, mwoka mikate, aliyejua maneno mawili tu ya Kiswahili, "jambo" na "asante". Nilimwonyeshea kidole, akasimama barabara kama askari. Mimi nikaendelea mpaka kwenye duka moja lenye kibanda cha chai, mahali petu pa kukusanyika. Wageni watatu walinifikia mmoja mmoja. Tukangoja. Injini zikapoa hata ukaweza kuzishika kwa mkono. Mwoka mikate hakutokea. Meneja hakutokea.

Nilimwomba mwenye duka awape wageni wangu chai na asiwaache watoke, nikarudi peke yangu kwa kasi ambayo Fundi Mkuu angenizaba kofi akiiona.

Njia panda ilikuwa tupu. Hakuna mtu, hakuna pikipiki. Nilishuka nikasoma mchanga. Tairi pana ya Meneja ilikuwa imenyoosha kuelekea porini, kama sheria ilivyomwamuru mwanajeshi yule, hata kama njia ya Gongoni aliijua. Ile ya Mtaliano ilikuwa imekata kwenda boma la jirani, na kandokando yake palikuwa na nyayo za watu waliokuwa wakiisukuma. Nikazifuata.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Ni wewe uliyemwacha huyu mtu wa watu juani?"

Mwenye boma aliitwa Mama Sidi, mama wa makamo mwenye sauti ya kusikika mashamba mawili mbele. Mwoka mikate alikuwa upenuni, kwenye kiti pekee cha nyumba ile, vifungo vya shati wazi, mbele yake sima na kuku wa nazi. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa ndani kabisa ya kivuli.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Je, una wazimu? Umemsimamisha pale kama kigingi cha mbuzi! Nimemwita, haelewi. Ikabidi wanangu wamshike mkono. Na hicho kipikipiki chake tumekileta kivulini, kiti kilikuwa chawaka moto."

"Mama, alikuwa kazini."

"Kazi gani ya kusimama?"

Kwetu, mtu akisimama karibu na boma lako bila kubisha hodi, ama amepotelewa na njia ama anaona haya, na vyote viwili dawa yake ni kumkaribisha. Tulipanga safari nzima, tukahesabu petroli na upepo wa tairi, na jambo hilo ambalo mimi nimezaliwa nalo halikunijia akilini hata kidogo. Nililetewa maji, nikanywa. Jicho langu lilikuwa njiani, nikimngoja Meneja.

Hakukawia. Alikuja kwa ile njia kuu, mwekundu kwa vumbi toka masharubu hadi soksi, akasimamisha pikipiki katikati ya kiwanja bila kuzima injini. Mbele huko njia ilikuwa imemgawanyikia, na aliyoishika ikaishia shambani mwa mtu. Alikuwa ameuliza tulikopita kwenye maboma mawili, na kote akaambiwa aende mbele.

"Watu wenu ni waongo, Karisa?"

"Si waongo, Bwana Meneja. Uliwauliza injini ikinguruma?"

"Sasa?"

"Mtu asiyezima injini wanajua anataka kwenda mbele. Basi wakakuambia mbele."

Hakucheka. Alimtazama mwoka mikate, akaitazama sahani, kisha akanigeukia. "Mwambie huyu mama asiguse mgeni wangu tena. Mwambie sasa hivi, nikisikia. Halafu tunaenda kwa naibu wa chifu, awaambie watu wa hii barabara yote. Hii ni kazi ya mpango. Hapa hakuna mambo ya kukaribishana-karibishana."

"Siwezi, Bwana Meneja."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi kusimama ndani ya boma la mtu, nimekunywa maji yake, nimwambie asikaribishe mgeni. Nitatafuta njia nyingine. Hiyo hapana."

"Basi hicho kizibao kivue."

Nilikivua. Kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote duniani, na nilijiona nairudisha kwa mikono yangu mwenyewe. Mama Sidi hakuelewa kila neno la Kiswahili kile cha bara, lakini aliona. "Mwanangu, kuna ubaya?" Nikamwambia hakuna, tunabadilishana zamu tu. Nikamshukuru kwa ajili yetu sote. Meneja alikuwa ameshakivaa kizibao, akatia gia na kutoka.

Tulipowachukua wageni dukani, Meneja alikwenda mbele na mimi nikawa mkia. Kutoka pale kushuka Gongoni njia panda ni nyingi. Ya kwanza nilipoifikia, nilikuta mchanga mtupu. Nilizima injini. Nikatazama boma lililokuwa karibu, nikabisha hodi, nikasalimia wakubwa, nikanywa maji, na mgeni wangu nikamkuta amekaa kwenye kigoda akionyeshwa mbuzi waliozaliwa juzi. Ndipo nikasema na wenye boma lile neno ambalo baadaye nimelisema mara zisizohesabika: "Mtu ni wenu, pikipiki ni yangu. Mkaribisheni, mnywesheni, mlisheni mkipenda. Lakini pikipiki iacheni njiani, imeelekea anakokwenda." Walilipokea kwa urahisi kabisa. Mzee wa pale alisema kama ningesema mapema wasingejichosha kuisukuma.

Njia panda iliyofuata ilikuwa vilevile, na mbili za baada yake vilevile. Nilikunywa maji mengi siku ile.

Meneja alikuwa amesimama kando ya mabwawa ya chumvi Gongoni, mikono kiunoni, akitazama njia. Alikuwa peke yake. Wageni wake wote alikuwa amewamwaga njia panda mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemfikia. Nilipotokeza nikiwa na wote wanne mbele yangu, alihesabu kwa kidole, akarudia.

"Umewatoa wapi?"

"Majumbani."

"Wote?"

"Wote. Huyu wa mwisho amepewa na nazi. Nimewaambia tu wenyeji waiache pikipiki njiani."

Aliwapisha vibarua wa chumvi waliokuwa wakipita na matoroli yao. Kisha akakivua kizibao, akakikung'uta vumbi, akanipa. "Kesho wewe mbele," alisema. "Na hayo maneno unawaambia, niandikie." Nikamjibu hayahitaji kuandikwa, yanahitaji mtu azime injini. Nilidhani atanipiga. Alikohoa tu, akaenda kuosha uso.

Niliongoza safari ile tangu siku hiyo hadi nilipostaafu. Niliongoza watu wa kila aina, na maboma ya njiani yakawajua wageni wangu kabla hawajateremka. Pikipiki zilibaki njiani, zimeelekea zinakokwenda, na watu walikuwa vivulini. Sikupoteza mtu. Baada yangu waliongoza vijana wetu wengine, na sikuona tena mtu akiletwa kutoka mbali kutuonyesha kwetu.

Siku hizi mnaendesha kwa kutazama simu, na sina ugomvi nazo. Ninyi vijana wa bodaboda wa Gongoni mnapita mchangani mkiwa na abiria wawili na gunia, mimi nawavulia kofia. Ninachowaomba ni kwamba mkiuliza njia, zimeni. Kazi yetu haikuwa kupita tu katika nchi ya watu. Tulikuwa tukipitishwa nao, na siku nilipokataa kumfokea Mama Sidi niliona wazi kwamba kizibao bila watu wale ni kitambaa tu. Najivunia siku ile kuliko safari zote.

Meneja naye aliondoka miaka ile ya themanini ikielekea kuisha, akarudi kwao bara. Kabla ya kwenda aliomba kitu kimoja tu, kusafiri nasi kama mgeni, na nimweke nyuma yangu tukifika Adu. Nilipopinda nilimwonyeshea kidole, akasimama. Kule kwenye kibanda cha chai wageni walikusanyika, tukangoja, injini zikapoa, wala yeye wala mkia hawakutokea. Mgeni mmoja akaanza kuvaa kofia yake, akauliza kama hatupaswi kurudi kumtafuta. Nilimwambia akae chini, nikaagiza chai nyingine kwa wote. Meneja alikuwa kwa Mama Sidi, mkia akimngoja, na saa ile kuku alikuwa bado hajaiva.